UZI: Valvu ya njia tatu ya kuchanganya maji moto kwenye kituo cha vifaranga vya sato. Kwa nini joto halitulii?

#1 Mfugaji_Luchelele

Habari za jioni, wanajukwaa.

Nina kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya sato hapa Luchelele, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wafugaji wa vizimba. Wakati huu wa kipupwe maji ninayovuta Ziwa Victoria huwa nyuzi 24 au pungufu kidogo, na usiku hewa hushuka hadi nyuzi 16 hivi, ilhali mayai na vifaranga vichanga vinataka nyuzi 28 hadi 30. Kwa sababu hiyo nilifunga mfumo wa maji moto: boila ya kilowati 30 inayochoma mkaa wa pumba za mpunga, pampu moja upande wa boila, valvu ya njia tatu yenye mota, pampu ya pili, kisha bomba la plastiki lililozungushwa kama koili chini ya matangi sita ya lita 2,000 kila moja. Maji ya boila hayagusani na maji ya samaki. Yanapita ndani ya koili na kurudi.

Boila inatoa maji ya nyuzi 75. Kidhibiti nimekipangia nyuzi 38 kwenda kwenye koili, na mambo yakiwa mazuri maji hurudi yakiwa nyuzi 32. Tatizo ni kwamba mambo hayakai yakawa mazuri. Usiku wa kuamkia jana nilikaa na tochi mbele ya valvu kwa saa mbili nzima. Mota inanung'unika, mshale unasogea taratibu kuelekea upande wa moto, kipimajoto hakisogei, mshale unaendelea, halafu ghafla bomba linakuwa la moto kiasi kwamba mkono hauvumilii. Hapo mota inageuka na kurudi, na inarudi kupita kiasi vilevile. Bomba la kwenda linapanda hadi nyuzi 58 na kushuka hadi 28, kila baada ya dakika sita hivi. Tangi la kwanza nalo linatoka 26 hadi 31 ndani ya nusu saa, na nimeshapoteza vifaranga vingi.

Fundi aliyenifungia anasema valvu ni mbovu, ninunue nyingine. Hii niliyonayo ni ya inchi moja na robo na imeandikwa Kvs 16. Kabla sijatoa fedha tena, naomba kuelimishwa: je, kweli valvu ndiyo mbovu?

#2 FundiBomba_Igoma

Pole sana, dada. Valvu yako si mbovu. Ni kubwa mno.

Kvs ni kiasi cha maji, kwa mita za ujazo kwa saa, kinachopita kwenye valvu iliyofunguka yote pale presha inapopungua kwa ba 1 kati ya kuingia na kutoka. Koili zako, kwa tofauti hiyo ya nyuzi 6, ninakadiria zinapitisha mita za ujazo 2 kwa saa. Kwa valvu ya Kvs 16, maji hayo yanapita bila kupoteza presha yoyote ya maana, kwa hiyo valvu haina nguvu ya kutawala chochote. Mafundi wengi hununua valvu kwa kufuata kipenyo cha bomba, na hilo ni kosa, kwa sababu bomba ni la kupitishia maji na valvu ni ya kuyatawala.

Tazama pia hesabu ya mchanganyiko. Maji ya moto ni 75, yanayorudi ni 32, na unataka 38. Sehemu ya maji ya moto unayohitaji ni 6 gawanya kwa 43, yaani asilimia 14 tu. Valvu inazunguka digrii 90, lakini kazi yako yote inafanyika ndani ya digrii 13 za mwanzo. Kama mota inatumia sekunde 120 kumaliza digrii 90, basi inamaliza eneo lako lote la kazi kwa sekunde 17. Ni kama kupima chumvi ya chai kwa sepetu.

Weka yenye Kvs 4 au 6.3, na shusha boila hadi nyuzi 50. Hapo utahitaji 6 gawanya kwa 18, yaani asilimia 33, na valvu itapata nafasi ya kufanya kazi.

#3 Hesabu_Kwanza

Nashukuru kwa uzi huu, ila kuna jambo moja kwenye maelezo ya dada ambalo haliwezekani, na tusipolisahihisha tutatibu ugonjwa usiokuwepo.

Mita moja ya ujazo ya maji huhitaji takribani kilowati-saa 1.16 ili kupanda nyuzi moja. Wewe una mita za ujazo 12, kwa hiyo nyuzi moja kwa matangi yote ni kilowati-saa 14. Boila ya kilowati 30, hata ikimwaga nguvu zake zote humo, itapandisha matangi kwa nyuzi 2 na kidogo kwa saa. Haiwezi kuyapandisha nyuzi 5 kwa nusu saa. Ama kipimajoto chako kimekaa karibu mno na koili na kinapima joto la koili badala ya joto la tangi, ama koili zako zimeungwa kwa mfululizo na tangi la kwanza linakula joto la wenzake.

Naomba upime matangi yote sita, katikati ya maji, kwa wakati mmoja, kwa kipimajoto kilekile.

#4 Mzee_wa_Stimu

Mwangaluka wote.

Nimetumikia boila kwa miaka 31 katika viwanda vya kuchambulia pamba, na sitaki kubishana na fundi wa Igoma kuhusu ukubwa wa valvu, lakini ushauri wake wa kushusha boila hadi nyuzi 50 naupinga kwa nguvu zangu zote. Boila inayochoma mimea, iwe kuni, pumba au maganda, haitakiwi kurudishiwa maji ya baridi. Moshi una mvuke wa maji ndani yake. Ukuta wa boila ukipoa, mvuke huo unageuka maji, unachanganyika na masizi na kuwa lami nyeusi yenye asidi inayokula chuma. Maji yanayorudi yanatakiwa yasiwe chini ya nyuzi 55, na kwa kuni au pumba zenye unyevu ni afadhali 60.

Mwanangu, fungua mlango wa chini wa boila yako ukiwa na kitambaa cheupe. Ukifuta ukutani, je, unapata vumbi la kijivu au unapata kitu kinachonata?

Swali la pili ni kuhusu pampu. Pampu ya boila inasukuma kuelekea wapi pale valvu inapofunga upande wa moto? Naona pampu mbili kwenye maelezo yako, lakini sioni njia ya mkato kati ya bomba la kwenda na la kurudi la boila.

#5 Mfugaji_Luchelele

Shikamoo, mzee wangu. Ahsanteni nyote.

Kitambaa kimetoka cheusi na kinanata, na kina harufu kali kama ya moshi wa samaki wa kukausha. Njia ya mkato haipo. Maji ya boila yanakwenda moja kwa moja kwenye mdomo A wa valvu (ule wa maji ya moto), na kurudi kunatokana na T (kiungo cha mabomba matatu) iliyopo kwenye bomba la kurudi la koili. Pampu ya pili ipo kwenye bomba la kurudi, kabla ya hiyo T.

Ndugu Hesabu, umenifumbua macho. Nimepima leo saa kumi na mbili asubuhi: tangi la kwanza 31.5, la pili 30.2, la tatu 29.3, la nne 28.1, la tano 27, la sita 26. Koili zimeungwa kwa mfululizo, na kipimajoto nilichokuwa nasoma kimefungwa kwa kamba sentimita chache tu kutoka kwenye koili ya tangi la kwanza. Lakini bomba la kwenda bado linayumba kati ya 28 na 58, hilo nimelihakikisha kwa kipimajoto cha pili.

#6 MamaVifaranga_Kisesa

Dada, mimi nafuga kuku na nina sakafu yenye mabomba ya maji moto kwenye banda la vifaranga, kwa hiyo machungu yako nayajua. Kwangu fundi alibadilisha mdomo A na mdomo B. Valvu ya njia tatu ya kuchanganya ina milango miwili ya kuingilia na mmoja wa kutokea: A ni maji ya moto kutoka boila, B ni maji yanayorudi kutoka sakafuni, na AB ni mchanganyiko. Zikigeuzwa, banda likiwa na baridi mota inafungua upande ambao inaamini ni wa moto, kumbe inazidi kupeleka maji yaliyopoa. Vifaranga walilaliana kwenye kona usiku mmoja, na asubuhi niliokota 64.

Iangalie alama iliyochorwa kwenye mwili wa valvu yenyewe. Kibandiko kwenye mota kinaweza kuwa kimewekwa upande wowote.

#7 Hesabu_Kwanza

Pole sana kwa vifaranga wale, mama. Hata hivyo, ugonjwa wako na huu ni tofauti. Milango ikigeuzwa, mfumo hukimbilia mwisho mmoja na kubaki huko, ama moto kabisa ama baridi kabisa. Wa dada unakwenda na kurudi, maana yake mwelekeo ni sahihi na kasi ndiyo isiyo sahihi.

#8 Msukuma_Uswidi

Salamu kutoka mbali. Nipo Uswidi mwaka wa tisa, na kazi yangu ni kufunga mifumo hii hii. Huku mafundi huita kundi la valvu, pampu na bomba la mkato kwa jina moja la shunti, na karibu kila nyumba yenye joto la sakafuni inayo.

Nianze na la pampu, kwa sababu mafundi wengi huamini lazima ikae mara tu baada ya AB. Hapo ndipo mahali pazuri zaidi, lakini ya dada iliyoko kwenye kurudi kabla ya T si kosa, kwa kuwa bado ipo ndani ya mzunguko ambao kiasi cha maji yake hakibadiliki. Ingekuwa kosa kama ingewekwa ng'ambo ya T, upande wa boila, kwa sababu hapo valvu ikifunga A, koili zingekosa maji kabisa.

La pili ni la fundi wa Igoma, ambaye namheshimu, lakini amepima kwa kipimo ambacho si chenyewe. Mamlaka ya valvu hupatikana kwa kulinganisha presha inayopotea kwenye valvu na ile inayopotea kwenye sehemu ya mfumo ambayo kiasi chake cha maji kinabadilika. Kwenye mchanganyiko wa aina hii, sehemu hiyo ni kipande cha kutoka boila hadi mdomo A na kurudi. Koili hazihesabiwi. Kvs 16 kwa mita za ujazo 2 inapoteza kilopaskali 1.6. Kama kipande cha boila kinapoteza kilopaskali 3, mamlaka ni 1.6 gawanya kwa 4.6, yaani karibu 0.35, na hiyo inakubalika. Tatizo ni kwamba kwa dada kuna pampu ya boila inayosukuma kwenye mdomo A. Pampu hiyo inaharibu hesabu yote.

Dawa yake ni kutenganisha mizunguko miwili. Kuna chupa maalumu za chuma kwa kazi hiyo, lakini T mbili zilizokaribiana zinafanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Pampu ya boila izungushe maji yake kwenye duara lake lenyewe, na kwenye duara hilo weka T mbili ambazo umbali kati yao hauzidi mara nne ya kipenyo cha bomba. Presha kati ya T hizo inakuwa karibu na sifuri, na pampu ya koili inachota inachohitaji bila kusukumwa na mtu.

#9 FundiBomba_Igoma

Nakubali kusahihishwa kuhusu mamlaka, ndugu yangu wa Uswidi, ingawa naona baridi ya huko imekufundisha kuandika kama mwalimu wa sekondari. Hata hivyo asilimia 14 inabaki palepale. Hata ukitenganisha mizunguko, valvu bado inafanya kazi kwenye digrii 13 za mwanzo, na huko ndiko valvu nyingi za kuzunguka zinakotawala vibaya kuliko kokote.

Kama mzee hataki boila ishuke, basi liwekwe bomba la mkato la kudumu, lenye koki ya kurekebishia, linalounganisha maji yanayorudi na bomba la kwenda baada ya valvu, kabla ya kufika kwenye pampu. Nusu ya maji ya koili yapite humo bila kugusa valvu. Nusu iliyobaki ndiyo itakayochanganywa, na sehemu ya moto ndani yake itakuwa asilimia 28 badala ya 14. Ila pampu itabidi ihamishiwe upande wa kwenda.

#10 Msukuma_Uswidi

Hilo la bomba la mkato ni sahihi kabisa, na kwenye joto la sakafuni tunalitumia mara kwa mara. Ualimu wa sekondari naupokea kwa mikono miwili.

#11 Umeme_Buzuruga

Wakuu, mmezungumza mabomba kwa muda mrefu. Naomba kuuliza la umeme. Dada, mota yako ina nyaya ngapi, na kihisi cha joto kimefungwa wapi na kwa namna gani?

#12 Mfugaji_Luchelele

Nyaya tatu: moja ya kurudi, moja ya kufungua, moja ya kufunga. Kihisi kipo mita 7 baada ya valvu, kimefungwa juu ya bomba la plastiki la PPR la milimita 32 kwa vibanio viwili vya plastiki.

#13 Umeme_Buzuruga

Hapo ndipo penye tatizo lako, na halihusiani na ukubwa wa valvu wala na pampu.

Vihisi vya kufunga juu ya bomba vimetengenezwa kwa nchi ambazo mabomba yake ni ya shaba au chuma. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko plastiki ya PPR. Bomba lako lina ukuta wa milimita 5 hivi, na ukuta huo ni blanketi. Maji yakibadilika sasa, kihisi kinapata habari baada ya dakika kadhaa, na hata hapo kinapata habari iliyopunguzwa kwa sababu upande wake wa nje unapigwa na hewa baridi ya usiku. Kidhibiti kinaona 33 wakati maji tayari ni 50, kinaendelea kufungua. Kinapoona 38 maji yameshafika 58. Dakika sita zako zinatoka humo.

Pia mota ya nyaya tatu haijui ipo wapi. Kidhibiti kinakisia nafasi yake kwa kuhesabu sekunde ilizozunguka. Kama kwenye mipangilio imeandikwa sekunde 60 na mota yako ni ya sekunde 120, au umeme ukikatika katikati ya safari, hesabu hiyo inapotea. Vidhibiti vingi huisukuma mota hadi mwisho wa kufunga vinapowashwa upya, lakini si vyote.

#14 Hesabu_Kwanza

Naunga mkono, na nimejaribu kukanusha nikashindwa. Nilidhani mita 7 ndizo zinazochelewesha. Lakini PPR ya milimita 32 ya daraja la maji moto ina tundu la milimita 21 hivi, na mita za ujazo 2 kwa saa humo zinakimbia mita 1.6 kwa sekunde. Maji yanafika kwenye kihisi ndani ya sekunde 5. Ucheleweshaji wa dakika nzima nzima hautokani na safari, unatokana na ukuta.

#15 Kijana_wa_Nansio

Naomba kuchangia kisa kinachofanana. Nyumba ya wageni niliyokuwa nikiitunza huku Ukerewe ilikuwa na hita ya jua na valvu ya kuchanganyia isiyo na umeme, ile yenye kidonge cha nta ndani kinachovimba kikipata joto. Mchana mgeni akioga alipata nyuzi 42 safi. Alfajiri, wa kwanza kufungua alipata maji ya kuunguza. Pampu ilikuwa ikizungusha maji usiku kucha ili yasipoe bombani, na bomba la kurudi lilipelekwa kwenye tangi la moto peke yake. Hakuna mtu aliyefungua bomba, kwa hiyo hakuna maji ya baridi yaliyoweza kuingia, na valvu ilibaki haina kitu cha kuchanganya. Tulipopeleka tawi la kurudi kwenye mdomo wa baridi wa valvu, na kuweka valvu za kuzuia maji kurudi nyuma, mambo yakatulia.

Je, halikaribii la dada?

#16 MamaVifaranga_Kisesa

Kijana wangu, hapo umenisaidia hata mimi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba valvu inachanganya maji ya moto na maji ya baridi kutoka simtanki, kumbe kwenye mzunguko uliofungwa baridi yote inatoka kwenye maji yaleyale yaliyorudi.

#17 Mzee_wa_Stimu

Ndivyo, na ndiyo maana nauliza kuhusu mdomo B.

Mwanangu, kihisi ukihamishe, sina ubishi. Lakini ukitoka kukihamisha, saa zile bomba linapochemka, shika bomba fupi linaloingia mdomo B. Hilo linatakiwa daima liwe na joto la maji yanayorudi, nyuzi 32 zako. Ukilikuta la moto kama la boila, maana yake pampu ya boila inasukuma maji kuingia A na kutokea B kinyumenyume, yanarudi kwenye boila bila kuonana na koili. Hapo hakuna kihisi kitakachokuokoa.

Na kuna moja la usalama ambalo hakuna aliyeligusa. Umeme ukikatika, pampu zote zinasimama, na mkaa haujui kuzimika. Ziwa letu lipo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwenye mfumo ulio wazi maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Una bomba la kupumulia lililo wazi juu?

#18 Mfugaji_Luchelele

Lipo, mzee, linapanda hadi kwenye tangi dogo juu ya dari na halina koki.

#19 Kijana_wa_Nansio

Mimi ningeuliza hata kwa nini valvu ipo. Maji mita za ujazo 12 hayapoi haraka. Weka thamostati (swichi ya joto) moja ndani ya tangi, iwashe na kuzima pampu, basi. Valvu, mota, kihisi, vyote viuzwe.

#20 Mfugaji_Luchelele

Nililifikiria hilo mwanzoni, ndugu yangu. Kuna sababu mbili zilizonizuia. Kwanza, koili yenye maji ya nyuzi 75 ni ya moto kuliko samaki anavyoweza kuvumilia, na vifaranga vichanga hupenda kukusanyika kwenye joto. Niliona kwa macho yangu vikielea vyeupe juu ya koili siku valvu ilipokwama wazi. Pili, mitungi ya kutotoleshea mayai inapata maji kutoka tangi la kwanza, na mtungi una lita chache tu. Mabadiliko ambayo tangi linayameza, mtungi hauyamezi.

#21 Msukuma_Uswidi

Ongeza na hili: bomba la PPR kwenye nyuzi 75 mfululizo linazeeka haraka na uwezo wake wa kuhimili presha unashuka. Kutoka boila hadi mdomo A tumia chuma. Na weka thamostati ya pili, isiyohusiana na kidhibiti, itakayozima pampu ya koili maji yakizidi nyuzi 45.

Kwa lami ya mzee, dawa ninayoijua ni tangi la akiba kati ya boila na valvu. Tangi la lita 1,000 likitoka nyuzi 75 hadi 40 linatoa kilowati-saa 40 hivi, yaani karibu saa tatu za matumizi yako ya kilowati 14. Boila inachoma kwa nguvu kisha inapumzika, na valvu yake ndogo ya kulinda kurudi inahakikisha hairudishiwi maji ya chini ya 55.

#22 FundiBomba_Igoma

Tangi la akiba ni jambo jema kwa mwenye fedha. Dada ameomba kuokoa bei ya valvu, nasi tunamuuzia tangi, T, thamostati na chuma.

#23 Mfugaji_Luchelele

Narudi na majibu ya siku nne.

Nilikata kipande cha PPR mita moja na nusu baada ya valvu, nikaweka kipande cha bomba la chuma chenye mfuko wa shaba unaoingia katikati ya maji, na kihisi nikakisukuma humo pamoja na grisi. Muda wa mota kwenye mipangilio ulikuwa umeandikwa 60, nimeuweka 120. Koili nimezigawa sambamba, tatu kwa tatu. Valvu ni ileile ya Kvs 16, na boila ni ileile ya nyuzi 75.

Bomba la kwenda sasa linacheza kati ya 36 na 41 mchana kutwa, na matangi yote sita yapo kati ya 27.6 na 29.2. Hadi hapo namshukuru ndugu wa Buzuruga.

Lakini kila usiku, kuanzia saa nane hivi, kwa takribani dakika arobaini, bomba linaruka tena hadi 50. Jana nilishika mdomo B saa nane na dakika kumi, nao ulikuwa wa moto.

#24 Mzee_wa_Stimu

Nilisema. Pampu ya boila inapita kinyumenyume. Weka zile T mbili.

#25 Umeme_Buzuruga

Mzee wangu, kwa heshima, pampu ya boila inafanya kazi mchana pia, na mchana B si ya moto. Mimi nashuku volteji ya usiku wa manane, ambapo matumizi mtaani hupungua na volteji hupanda. Ikipanda, pampu ya boila inaongeza msukumo.

#26 FundiBomba_Igoma

Dada, mlinzi wako anaongeza mkaa saa ngapi?

#27 Mfugaji_Luchelele

Saa saba na nusu.

#28 FundiBomba_Igoma

Basi boila yako saa nane haipo nyuzi 75. Mkaa mpya umeshika, ipo 85 au 90, na ile asilimia 14 imeshuka hadi 10 au 11. Valvu kubwa imefika kwenye ukingo wake wa mwisho. Tumerudi kwenye ujumbe wangu namba 2.

#29 Hesabu_Kwanza

Hilo linaeleza kuruka kwa joto, lakini halielezi kwa nini B ni ya moto. La mzee linaeleza B, lakini halielezi kwa nini saa nane tu. Boila ikiwa ya moto sana, maji yake mepesi yanapanda yenyewe, na huenda msukumo huo ukijumlishwa na wa pampu ndio unaovuka mpaka.

Kuna jaribio moja la kutofautisha. Usiku mmoja, saa nane na robo, zima pampu ya boila kwa dakika tano tu, huku pampu ya koili ikiendelea, na uangalie geji ya boila muda wote. B ikipoa mara moja, mzee ana haki. Ikibaki ya moto, maji yanapanda yenyewe. Usiku unaofuata, mlinzi aongeze nusu ya mkaa ifikapo saa sita usiku na nusu iliyobaki ifikapo saa tisa, badala ya wote kwa mkupuo.

#30 Mfugaji_Luchelele

Nitafanya yote mawili, la pampu usiku wa Ijumaa na la mkaa usiku wa Jumamosi, na nitaleta vipimo vya A, B na AB kila dakika tano. Mayai mapya yameingia kwenye mitungi jana jioni maji yakiwa 28.4, kwa hiyo usiku huo wa Ijumaa nitakuwa na mtu wa pili wa kusimama kwenye mitungi, nami nitasimama kwenye valvu.